Bungua bongo, karatasi zinazozunguka, kofia sita au sanduku la maoni: kikao chako kinahitaji njia ipi?

Mganga mfawidhi wa hospitali ya wilaya ameitisha kikao. Ajenda ni moja: foleni ya mapokezi, ambayo saa 2 asubuhi huwa imeshafika getini. Anafungua hivi: "Mimi naona tuongeze dirisha moja, lakini karibuni, toeni mawazo." Kuanzia hapo atapata mawazo tele kuhusu dirisha. Likae upande gani, karani awe nani, kompyuta itoke wapi. Mlinzi wa getini, ambaye kila siku anaona kwamba wengi katika ile foleni wamefuata majibu ya maabara tu, hata kwenye kikao hayumo.

Kikao kikizaa mawazo ya aina moja, viongozi wengi huwalaumu wafanyakazi kwamba si wabunifu. Mara nyingi kosa liko kwenye namna walivyoulizwa. Kuna kitu kilichowaziba midomo, na kila njia ya kukusanya mawazo ilibuniwa izibue kizibo kimoja, si vyote. Basi kabla ya kuchagua njia, tafuta kwanza kinachowaziba watu wako: ni kuogopa kuchekwa, kusubiri zamu ya kusema, cheo cha aliyetangulia kusema, ubishi usioisha, kuogopa kuonekana mpinzani, au kutoalikwa kabisa?

Tumezilinganisha njia sita kwa mfano huohuo wa foleni. Safu ya mwisho ya jedwali inahusu bosi, kwa sababu hapo ndipo vikao vingi vinapoharibikia.

| Njia | Watu | Muda | Kizibo inachoondoa | Bosi akae wapi |
|---|---|---|---|---|
| Bungua bongo | 5–8 | dakika 20–30 | kuogopa kuchekwa | nje ya chumba |
| Karatasi zinazozunguka (6-3-5) | 6 | dakika 30–45 | kusubiri zamu, na wasemaji wakubwa kutawala | mezani, anaandika kama wengine |
| Duru na alama | 5–9 | dakika 60–90 | uzito wa cheo wakati wa kuchagua | ana kura moja, ya siri |
| Kofia sita | 4–10 | dakika 40–60 | ubishi | popote, ila asiongoze kikao |
| Uchunguzi kabla ya kifo | 5–12 | dakika 30–45 | kuogopa kupinga | asome wa kwanza |
| Sanduku la maoni | wote | mwaka mzima | kutoalikwa | mbali na ufunguo |

Bungua bongo: kongwe, rahisi, na hutumiwa vibaya

Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara wa Marekani, aliianza njia hii katika kampuni ya BBDO mwishoni mwa miaka ya 1930. Sheria zake ni nne: usikosoe, wazo la ajabu liruhusiwe, tafuta wingi kwanza, na dandia wazo la mwenzako ulifikishe mbele. Sheria ya kwanza ndiyo roho ya jambo lenyewe, na ndiyo inayovunjwa ndani ya dakika tatu. Haivunjwi kwa maneno makali tu. Mtu akisema, "Hilo tulishajaribu 2019," ameshakosoa. Hata kicheko kidogo cha mhasibu kinatosha.

Udhaifu wake mkubwa, hata hivyo, hautokani na utovu wa nidhamu. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwalinganisha watu wanne waliobungua bongo pamoja na watu wanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake, mawazo yao yakaunganishwa na yaliyojirudia yakafutwa. Waliokaa peke yao walitoa karibu mara mbili ya mawazo. Miaka mingi baadaye, 1987, Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha chanzo kikubwa: kusubiri zamu. Anapozungumza mmoja, wengine wanashikilia wazo lao lisiwapotee, na kichwa kilichoshika wazo moja hakitafuti jingine. Wengine hulisahau, wengine hulichuja kimoyomoyo na kuliona dogo.

Hata hivyo usiitupe. Inafaa pale watu wanapozoeana, swali ni jembamba, na unahitaji orodha leo hii. Zingatia mambo matatu. Kwanza, kila mtu aandike peke yake kwa dakika 5 kabla yeyote hajafungua mdomo; hilo peke yake linarudisha sehemu kubwa ya mawazo yanayopotea. Pili, katibu ayape mawazo namba kwenye bango kitita, na lengo litajwe mwanzoni, kwa mfano mawazo 40 kwa dakika 20. Ukikosa namba, kikao kitatulia kwenye wazo la saba na kuanza kulijadili. Tatu, swali liwe na ncha. "Tupunguzeje foleni?" ni pana mno na litakuletea "tuongeze watumishi". "Tufanye nini ili mgonjwa wa marudio asipite dirisha la usajili?" linamlazimisha mtu afikirie kadi, siku za kliniki, ujumbe wa simu, mlango wa pili.

Bosi atoke nje. Akikaa, hata akinyamaza, watu watamsoma usoni.

Karatasi zinazozunguka: kimya chenye kazi

Bernd Rohrbach wa Ujerumani aliieleza njia hii mwaka 1968, na jina lake ndiyo hesabu yake: watu 6, mawazo 3, dakika 5. Kila mtu anapewa karatasi ya A4 yenye jedwali la safu wima 3 na mistari 6, swali likiwa limeandikwa juu. Katika dakika 5 za kwanza unajaza mstari wa kwanza kwa mawazo matatu. Muda ukiisha karatasi inahamia kulia. Unasoma ya jirani, kisha unaandika matatu chini yake: uliendeleze lake, uligeuze, au uanze jipya. Mizunguko 6, dakika 30, vyumba 108 vya jedwali vimejaa. Mkiwa watano mtapata 75, wanne 48.

Kujaza vyumba 108 si sawa na kupata mawazo 108, kwa maana yatajirudia. Uzuri wake ni kwamba watu sita wanafikiri kwa wakati mmoja, na karani mpya aliyeajiriwa mwezi uliopita ana nafasi sawasawa na ya mkuu wa idara. Kwa ofisi zetu, ambako mdogo hamkatizi mkubwa, hii ndiyo njia tunayoiona inafaa kuliko zote kwa kuzalisha mawazo, na ajabu ni kwamba ni wachache wanaoitumia.

Inaharibika hivi.

Muda wa dakika 5 hautoshi mwishoni. Kwenye mzunguko wa sita mtu ana mawazo 15 ya kusoma kabla ya kuandika lake. Weka dakika 5 kwa mizunguko mitatu ya kwanza na 7 kwa mitatu ya mwisho. Jumla itakuwa dakika 36.

Watu huandika neno moja. "Mfumo." "Mafunzo." Hayo si mawazo. Weka kanuni kwamba kila wazo liwe na mtendaji na kitendo: "Mlinzi atoe namba za rangi mbili getini, nyekundu kwa wapya, kijani kwa majibu ya maabara."

Mwandiko unamtaja mwenyewe. Wote waandike kwa herufi kubwa, kalamu za rangi moja. Hili linaonekana dogo mpaka uone mtu anavyosita kuandika chini ya mwandiko wa bosi.

Lugha nayo inaziba. Ofisi ikiwa na desturi ya kuandika kwa Kiingereza, nusu ya watu watatumia zile dakika 5 kutafuta maneno badala ya mawazo. Tangaza mapema kwamba Kiswahili kinakubalika, na Kiswahili cha mtaani pia.

Kuna mtu ambaye kuandika si kazi yake ya kila siku: mlinzi, mhudumu wa usafi, dereva. Usimweke kwenye meza hii akaaibika. Mfuate kwenye lindo lake siku moja kabla, mzungumze dakika 10, na mawazo yake yaingie kwenye mstari wa kwanza wa karatasi mojawapo.

Mwisho chukua mkasi, kata vile vyumba, vipange mezani kwa mafungu. Mafungu kumi hivi yanatosha kuendelea nayo.

Duru na alama: pale kazi inapokuwa kuchagua

André Delbecq na Andrew Van de Ven waliitoa njia hii Marekani mwaka 1971, na wataalamu huiita kikundi nominali, yaani watu wameketi kama kikundi huku sehemu kubwa ya kazi kila mmoja akiifanya peke yake. Hatua zake: kuandika kimya dakika 5 hadi 10, kuzunguka meza, kila mtu akisoma wazo moja tu kwa zamu hadi orodha za wote ziishe, kufafanua, bila kutetea, kisha kura. Kila mtu anachagua mawazo matano, anaandika kila moja kwenye kipande cha karatasi ya manila na kulipatia alama, 5 kwa bora zaidi hadi 1. Mwezeshaji anakusanya, anachanganya, anajumlisha hadharani.

Hesabu isomwe kwa macho mawili. Wapiga kura wakiwa 7, wazo linaweza kupata alama 15 kutoka kwa watu watatu waliolipatia 5 kila mmoja, na jingine likapata 15 hizohizo kutoka kwa wote saba, wengi wao wakilipatia 2. Jumla ni ileile, maana ni mbili tofauti. La kwanza lina watetezi wakali na wanne wasiolijali. La pili hakuna anayelipinga wala anayelipenda sana. Andika kando ya kila jumla idadi ya waliolipigia kura, na mzungumze kuhusu tofauti hiyo kabla ya kutangaza mshindi.

Kosa la kawaida liko kwenye kufafanua. Mawazo mawili yanayofanana yakiachwa yametengana, yanagawana kura na yote mawili yanaanguka. Yakiunganishwa kwa pupa nayo, linazaliwa wazo nene lisilomaanisha kitu, "kuboresha huduma za mapokezi", na hilo hushinda kila mara kwa sababu halimgusi mtu. Kanuni ya kufuata: mawazo yaunganishwe tu iwapo wenyewe wawili walioyatoa wamekubali.

Ni njia ndefu na kavu kidogo. Kwa jambo dogo inachosha. Kwa jambo lenye fedha ndani yake, mathalani kugawa bajeti ya ukarabati kati ya idara, muda wake unalipa.

Kofia sita: kwa timu zinazobishana

Edward de Bono aliitangaza njia hii mwaka 1985. Nyeupe ni takwimu na taarifa, nyekundu ni hisia, nyeusi ni hatari, njano ni faida, kijani ni mawazo mapya, bluu ni kuongoza kikao chenyewe. Wengi wanadhani ni mchezo wa kugawana majukumu: fulani awe mweusi, fulani awe wa njano. Hapo ndipo inapokufa. Wote huvaa kofia moja kwa wakati mmoja. Anayelipenda wazo analazimika kutafuta hatari zake, na anayelichukia analazimika kutaja faida zake, ubishi ukakosa pa kusimama.

Mpangilio unaofanya kazi vizuri kwa wazo ambalo tayari lipo mezani, tuseme lile dirisha la pili: bluu dakika 3, nyeupe 10, njano 5, nyeusi 8, kijani 8 ya kutafuta dawa ya yale ya nyeusi, nyekundu 3, bluu 3. Njano itangulie nyeusi, maana watu wakianza na hatari hawarudi tena kwenye faida. Nyeupe ndiyo yenye tabu: mkiingia bila takwimu, dakika 10 zitakuwa za "nadhani". Mtunza kumbukumbu aje na idadi ya wagonjwa kwa kila saa, wapya wangapi, wa marudio wangapi, kwa walau siku tano za kazi.

Nyekundu, mbele ya wakubwa, hutoa majibu ya adabu. Sekunde 30, vikaratasi, neno moja kila mtu: "nimefurahi", "nina wasiwasi", "nimechoka". Hisia isidaiwe sababu.

Kwa kuzalisha mawazo mapya kofia ni dhaifu. Dakika 8 za kijani hazilingani na karatasi zinazozunguka. Zichague pale mawazo yapo na tatizo ni watu kutosikilizana.

Uchunguzi kabla ya kifo

Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani, aliieleza mwaka 2007. Mpango umeshaandikwa, karibu utiwe saini. Mwezeshaji anasema: "Mwaka umepita. Mpango huu umekufa vibaya. Andikeni kwa nini." Kila mtu anaandika kimya kwa dakika chache, kisha wanazunguka, kila mmoja akisoma sababu moja, hadi zote zimeandikwa. Nguvu yake ni kwamba kupinga kumegeuzwa kuwa kazi uliyopewa. Anayetaja udhaifu sasa anaonekana makini, wala hapingi.

Kwetu kuna kizingiti ambacho wabunifu wa njia hii hawakukitaja: uchuro. Kumwambia mtu aeleze kifo cha mradi ambao haujazaliwa, wapo watakaosema unauchuria. Badilisha maneno. "Tujifanye wakaguzi waliokuja mwakani na wakakuta hati chafu, wangeandika nini?" Lengo linafikiwa bila mtu kuhisi anaombea mabaya.

Bosi asome wa kwanza, na sababu yake iguse sehemu yake mwenyewe: "Mimi sikuomba fedha za kompyuta mapema." Akianza na kosa la idara nyingine, kila mtu atafuata njia hiyo na mtaishia kwenye lawama. Baada ya kikao chagua sababu tatu au nne na ubadilishe mpango kwa ajili yake. Zikibaki kwenye muhtasari tu, mara ya pili hawatakuandikia za kweli.

Sanduku la maoni, na kundi la WhatsApp

Masanduku yapo kila ofisi, yana kufuli na vumbi. Toyota walianza mfumo wao wa mapendekezo ya wafanyakazi mwaka 1951, baada ya Eiji Toyoda kutembelea viwanda vya Ford Marekani mwaka uliotangulia, na unaendelea mpaka leo. Tofauti haiko kwenye sanduku bali kwenye jibu. Pendekezo linapojibiwa haraka, na anayejibu ni msimamizi wa karibu mwenye uwezo wa kulijaribu, la pili linakuja.

Kwa hospitali yetu ya mfano: sanduku lifunguliwe kila Jumatatu na watu wawili, mmojawapo asiwe wa menejimenti. Jibu libandikwe ubaoni ndani ya siku 7, hata likiwa "hapana", pamoja na sababu. Kila mkuu wa kitengo awe na kiasi kidogo, tuseme shilingi 50,000 kwa mwezi, cha kujaribu wazo bila kuomba kibali juu. Malalamiko yapewe sanduku la pili. Yakichanganywa na mapendekezo, baada ya mwezi sanduku litakuwa la kushtakiana.

Kundi la WhatsApp si mbadala. Jina la mtu liko juu ya ujumbe, bosi anasoma, wa kwanza kujibu anaweka mkondo, na wengine wote wanaandika "hongera mkuu". Litumike kutangaza majibu.

Kuchagua

Hamna mawazo, na wachache ndio wanaosema siku zote: karatasi zinazozunguka. Mawazo yamejaa na hamkubaliani yapi yaende mbele: duru na alama. Wazo ni moja na kambi ni mbili: kofia. Wote wamekubali haraka mno, tena na bosi: uchunguzi kabla ya kifo, na usiiruke hata kama muda umebana, kwa sababu makubaliano ya haraka mbele ya mkubwa mara nyingi ni heshima tu. Wenye kuliona tatizo hawaingii kwenye vikao: sanduku, pamoja na miguu yako mwenyewe hadi getini.

Kwa jambo kubwa, ziunganishe katika asubuhi moja. Saa 3:00 hadi 3:45, karatasi. Dakika 15 za mkasi na mafungu. Chai. Saa 4:30 hadi 5:15, alama, bila hatua ya kuandika kwa kuwa mawazo yapo tayari. Saa 5:15 hadi 5:50, uchunguzi wa wazo lililoshinda. Msiweke kofia siku hiyohiyo; watu watachoka na nyekundu itakuwa "njaa".

Ipo hali ambayo hakuna hata moja kati ya hizi itakayosaidia: mnapokuwa hamjalijua tatizo. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa wakopaji walipe marejesho ya mikopo yao midogo kwa simu. Waanzilishi wake walipotazama watu wanavyoitumia, wakakuta wanatumiana fedha wao kwa wao, na ilipozinduliwa Machi 2007 ndilo lililotangazwa: kutuma pesa nyumbani. Wazo hilo lilitokana na kutazama watumiaji, halikusubiri kikao. Kama hamjawahi kusimama na daftari kwenye foleni kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi, mkihesabu nani kafuata nini, ahirisheni kikao.

Wazo lililochaguliwa lijaribiwe kwenye dirisha moja kwa wiki mbili. Hesabu waliopo foleni saa 2, saa 3 na saa 4, kwa wiki moja kabla na kwa wiki zote mbili za jaribio. Mhusika awe jina la mtu, si "idara". Na katibu aandike kwenye muhtasari mawazo yaliyoshika nafasi ya pili na ya tatu pamoja na alama zake, kwa sababu la kwanza likigoma, hayo ndiyo mtakayoanza nayo kikao kijacho.